Data kubwa na wasanii: ujianike, ujifiche, uchafue au ufichue?

Msanii anayetaka kufanya kazi kuhusu data kubwa, yaani lundo la taarifa za watu zinazokusanywa na kuchambuliwa na kompyuta, leo hakosi mifano, ila mifano imemzidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasanii wa midia wa Marekani na Ulaya wamejaribu karibu kila ujanja. Yupo aliyejianika hadharani ili majasusi wachoke wenyewe. Wapo waliojipaka rangi usoni ili kamera isiwatambue. Yupo aliyeburuta mkokoteni wa simu kuidanganya ramani, na wapo waliopekua maghala ya picha ya wanaofundisha mashine kutambua watu wakaja kutuonyesha walichokikuta. Kazi hizi hutajwa kwa pamoja, darasani na kwenye maonyesho, kana kwamba zote zinafanya jambo moja. Ukweli ni kwamba zinatofautiana gharama, zinatofautiana hatari, na baadhi zimezeeka vibaya.

Nimeziweka ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua njia: msanii kijana, mwalimu anayetafuta kazi ya kufanya na wanafunzi wake, au kikundi chenye ukumbi lakini hakina fedha. Napima kwa maswali mawili. Data ya nani ndiyo inaanikwa? Na kazi ikishashushwa ukutani, nje ya ukumbi kumebadilika nini?

Kujianika

Mwaka 2002 Hasan Elahi, msanii wa Marekani mzaliwa wa Bangladesh, alizuiwa kwenye uwanja wa ndege wa Detroit akirudi kutoka safari. Kuna mtu alikuwa amepeleka taarifa ya uongo kwamba Elahi ameficha mabomu kwenye stoo ya kukodi huko Tampa, Florida. Alipoulizwa alikuwa wapi tarehe 12 Septemba 2001, akatoa kijikompyuta chake cha mkononi na kuanza kusoma ratiba: saa hii nilikuwa hapa, saa ile pale. Mahojiano na FBI yalichukua kama miezi sita, na mashine ya kupima uongo alifungwa mara tisa. Mwishoni wakamwambia hana neno. Barua ya kumsafisha hakupewa, kwa sababu hakuwahi kushtakiwa rasmi.

Kilichofuata ndiyo kazi yenyewe, Tracking Transience. Alianza kwa kumpigia simu ofisa wa FBI kila alipotaka kusafiri. Simu zikageuka barua pepe, barua pepe zikageuka tovuti, na tovuti ikaanza kubeba kila kitu: mahali alipo, milo aliyokula, vitanda alivyolala, vyoo alivyotumia, manunuzi yake. Picha zikafika makumi ya maelfu. Kumbukumbu za seva yake zilionyesha kwamba miongoni mwa waliopita kuchungulia zilikuwamo kompyuta za CIA na za Pentagon.

Ukizitazama picha zenyewe unagundua ujanja wake. Sahani ya chakula kwenye trei. Choo cheupe cha uwanja wa ndege. Kitanda cha hoteli. Hakuna mtu. Elahi haonekani, wala mke, wala rafiki, na tovuti imepangwa kwa makusudi isiwe rahisi kusomeka. Anayetaka kumjua mwenyewe itabidi akae aunganishe vipande. Hoja yake ni ya soko: taarifa za majasusi zina thamani kwa kuwa ni adimu, basi ukizimwaga zote sokoni bei inaporomoka.

Kwa swali langu la kwanza Elahi anapata alama zote. Aliyeanikwa ni yeye, kwa hiari yake, na mpita njia hakuguswa. Gharama nayo ni ndogo: kamera na uvumilivu. Tatizo ni kwamba hoja ya soko ilitungwa enzi ambazo kuangalia picha kulihitaji jicho la mtu, na mtu huchoka. Mashine za leo hazichoki. Mafuriko yale ambayo Elahi aliwamwagia wapelelezi, sisi wengine tunayamwaga kila siku bila kuitwa wasanii, na makampuni yanayafurahia sana. Pia si kila mtu anaweza kujianika. Profesa wa chuo kikuu Marekani anaweza kutangaza yuko kituo gani cha mafuta. Mwanamke aliyemkimbia mume mwenye ngumi hawezi. Kwa hiyo hii naipendekeza kama zoezi la darasani la wiki moja: kila mwanafunzi apige picha za siku yake kwa kanuni ya Elahi, bila sura ya mtu, kisha wakae pamoja waone ni ndugu na jirani wangapi wametajwa bila kukusudiwa. Wataanza kubishana wenyewe.

Kujificha

Hii ndiyo njia inayovutia kuliko zote, na ndiyo nisiyoiamini sana.

Mwaka 2010 Adam Harvey, akiwa mwanafunzi New York University, alitengeneza CV Dazzle: mitindo ya nywele na rangi za usoni iliyokusudiwa kuipoteza kompyuta inayotafuta nyuso. Shungi la nywele linashuka mpaka juu ya pua, vipande vyeusi na vyeupe vinakata mashavu. Jina limetokana na michoro ya kuchanganya macho iliyopakwa kwenye meli za Vita vya Kwanza vya Dunia. Adui wake alikuwa njia ya kompyuta iitwayo Viola-Jones, ya mwaka 2001, ambayo hutafuta uso kwa mpangilio wa mwanga na kivuli: eneo la macho liwe jeusi kuliko mashavu, mwamba wa pua ung'ae kuliko pande zake. Uvuruge mpangilio huo, na kompyuta inaona ukuta.

Ilifanya kazi kwa adui yule. Mifumo iliyokuja baadaye, ile inayojifunza kutokana na mamilioni ya picha, haitegemei alama chache kama zile, na Harvey mwenyewe ameeleza bayana kwamba mitindo yake ya mwanzo haikuundwa kwa ajili ya mifumo hiyo. Anayeiiga leo anajipamba tu. Na hata ingekuwa inafanya kazi, mpitishe mtu wa namna hiyo Kariakoo saa tano asubuhi: kamera huenda isimjue, lakini kuanzia muuza vitenge mpaka kondakta wa daladala watamsimulia mpaka mwakani.

Wengine walijificha kwa namna nyingine. Zach Blas, kati ya 2011 na 2014, alichanganya data za nyuso za watu wengi kuunda barakoa zisizo na umbo la uso wowote. Moja, nyeusi, inagusa jinsi mashine za utambuzi zinavyoshindwa kuiona ngozi nyeusi. Leo Selvaggio wa Chicago alikwenda kinyume kabisa akauza barakoa ya sura yake mwenyewe, ili kamera zione Selvaggio huyuhuyu kila kona. Huyu alikubali kubeba lawama za watu asiowajua, jambo ambalo wenzake hawakuthubutu, na kwa hilo namvulia kofia.

London kuna mfano ulionifanya nilegeze msimamo kidogo. Mwaka 2019, baada ya kufichuka kwamba eneo la King's Cross lilikuwa limetumia kamera za kutambua nyuso, wasanii wanne walianzisha The Dazzle Club: matembezi ya pamoja, kimya kimya, nyuso zimepakwa rangi. Matembezi yale hayakuhitaji kuishinda mashine. Mtu anapita mtaa anaoujua, haongei, ana rangi usoni, na kwa mara ya kwanza anatazama juu kuona kamera ziko wapi. Kikundi chenye watu ishirini na rangi ya uso kinaweza kulifanya hili Jumamosi yoyote. Tatizo ni mkusanyiko barabarani, na hapo inategemea polisi wa mji wako wakoje.

Kuchafua

Februari 2020 msanii Simon Weckert alitoa video ya mkokoteni mdogo mwekundu uliojaa simu 99 za mtumba, akiuburuta taratibu katikati ya barabara tupu ya Berlin. Google Maps iliona simu 99 zikijikokota, ikaamua hapo pana foleni. Mstari wa kijani ukawa mwekundu. Alipita hadi mbele ya ofisi ya Google ya mji huo.

Google walijibu kwa utani, wakasema wanapenda kuona ubunifu wa namna hiyo. Kwangu mimi jibu hilo ni kipimo tosha: mwenye mali akicheka nawe, hujamgusa.

Lilinganishe na lililowapata Daniel Howe, Helen Nissenbaum na Mushon Zer-Aviv. AdNauseam yao, ya mwaka 2014, ni kiongezi cha kivinjari, yaani programu ndogo unayoipachika kwenye kivinjari chako cha intaneti, kinachokufichia matangazo huku chenyewe kikiyabofya yote chinichini, ili wasifu wako kwa watangazaji uwe wa mtu anayetaka nepi, trekta, pete ya ndoa na bima ya mazishi kwa siku moja. Howe na Nissenbaum walikuwa wameshatangulia na TrackMeNot mwaka 2006, inayotupa maswali ya ovyo kwenye mitambo ya utafutaji ili yale ya kweli yapotelee humo. Januari 2017 Google iliiondoa AdNauseam kwenye duka la viongezi vya Chrome, kivinjari chake. Safari hii hakukuwa na utani.

Kwa macho, mkokoteni unashinda: hata mtoto wa darasa la tatu anaelewa kilichotokea. Lakini AdNauseam ina jambo ambalo watu hawalitaji vya kutosha. Inahifadhi kila tangazo ililobofya, nawe unaweza kufungua ghala hilo ukaona ukuta mzima wa picha ndogondogo, yaani mtu ambaye makampuni yanadhani ni wewe. Umri wako, mimba waliyokukisia, madeni wanayodhani unayo. Ukuta huo ukiuchapisha kwa ukubwa una onyesho tayari, na gharama yake ni karatasi.

Kuna dhambi moja ambayo wanaoisifu njia hii huipita haraka. Uchafu humwagikia na jirani. Dereva aliyeona mstari mwekundu Berlin aligeuza njia bure. Mwenye duka dogo anayelipia kila mbofyo wa tangazo lake naye analipa kwa kila mbofyo wa uongo. Mwalimu akiitumia darasani, alianzishe hilo yeye mwenyewe asisubiri kuulizwa.

Kufichua

Adam Harvey wa rangi za usoni hakubaki kwenye rangi. Alihama. Pamoja na Jules LaPlace alianza kazi iitwayo MegaPixels, ya kufuatilia mikusanyo ya picha inayotumika kufundishia mashine kutambua watu: picha zilitoka wapi, zilipigwa na nani, zimetumiwa na nani. Kuhama kwake kunanishawishi kuliko makala yoyote. Mtu aliyebuni vazi la kujifichia ndiye aliyeamua kwamba kufungua mafaili kuna maana zaidi.

Na mafaili yenyewe yana mambo. Mkusanyo mmoja ulitengenezwa kwa kamera ya mubashara ya mkahawa wa San Francisco ulioitwa Brainwash: watu wanasubiri kahawa, wanainama kwenye simu, wanafunga mwavuli, na vichwa vyao vinakuwa somo la mashine inayojifunza kuhesabu vichwa. Mwingine ulitoka Chuo Kikuu cha Duke, ambako kamera nane zilirekodi wanafunzi zaidi ya 2,000 wakienda zao darasani. Wa tatu, MS-Celeb-1M wa Microsoft, ulikuwa na picha kama milioni 10 za watu wapatao 100,000, eti maarufu, kumbe wamo waandishi wa habari na hata watu wanaopigania faragha. Mwaka 2019, habari zilipotoka magazetini, yote mitatu iliondolewa na wenyewe. Nakala zilikuwa zimeshasambaa, hilo lazima lisemwe. Hata hivyo, swali langu la pili limepata jibu hapa: nje ya ukumbi kuna kitu kimetikisika.

Mwaka huohuo msanii Trevor Paglen na mtafiti Kate Crawford walifanya jambo jepesi zaidi na lenye kelele zaidi. ImageNet ni hazina ya picha milioni 14 iliyoanza mwaka 2009, na sehemu yake ya watu ilikuwa na lebo zaidi ya 2,800. Wao walitengeneza ImageNet Roulette: unapakia picha yako, mashine iliyofundishwa kwa lebo hizo inakuita jina. Wengine waliitwa wasemaji au marubani. Wengi wenye ngozi nyeusi na wenye asili ya Asia waliitwa matusi ya rangi na maneno ya kihalifu. Ndani ya siku chache watu walikuwa wanaoneshana walivyotukanwa, na wasimamizi wa ImageNet wakatangaza kufuta picha zipatazo 600,000 za sehemu ile.

Ushindi, ndiyo. Lakini onyesho la Training Humans, walilolifanya Milan, nalo lilitundika picha zilizotoka kwenye mikusanyo hiyohiyo, na watu waliomo hawakuulizwa. Mtafiti Michael Lyons, mmoja wa waliotengeneza mkusanyo wa nyuso za wanawake wa Japani uliotumiwa pale, alilalamika kwa maandishi, na alikuwa na haki. Anayefichua wizi kwa kuonyesha kilichoibwa hajamrudishia mwenye mali kitu.

Kwa sababu hiyo namweka Joy Buolamwini, mtafiti wa kompyuta na mshairi, mbele yao. Kazi yake na Timnit Gebru, Gender Shades ya mwaka 2018, ilikuwa utafiti wa kisayansi, lakini ilikwenda bega kwa bega na shairi la video, AI, Ain't I a Woman?, linaloonyesha mashine zikikosea sura za wanawake weusi mashuhuri, akiwamo Michelle Obama. Alihitaji nyuso za kupimia, na hakuziokota mitandaoni kwa watu wa kawaida. Alichukua picha 1,270 za wabunge, watu ambao sura zao ni za umma kwa kazi yao, kutoka nchi tatu za Ulaya na tatu za Afrika: Senegal, Afrika Kusini na Rwanda. Alizipima mashine za makampuni zinazokisia jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Matokeo: kwa wanaume weupe mashine hazikukosea zaidi ya asilimia 0.8, kwa wanawake weusi mfumo mmoja ulikosea kwa asilimia 34.7. Namba mbili tu, na makampuni yakaanza kurekebisha mifumo yao. Wabunge wanawake wa Kigali wamo katika historia hii, na nashangaa ni wachache kiasi gani huku kwetu wanaolijua hilo.

Upande wa hatari, mtazame msanii Paolo Cirio. Mwaka 2011, na Alessandro Ludovico, alichota wasifu milioni moja wa Facebook, akapanga 250,000 kati yake kwa sura kwenye tovuti bandia ya wachumba. Barua za mawakili zikamiminika, na vitisho vya kuuawa vikafuata. Mwaka 2020 akageuza kamera kwa polisi wa Ufaransa: nyuso 4,000 zilizokatwa kwenye picha za maandamano. Waziri wa Mambo ya Ndani akapaza sauti, na kituo cha sanaa cha Le Fresnoy kikaiondoa kazi hiyo. Ya polisi naweza kuitetea. Ile ya wachumba siwezi, maana walioumia ni watu waliopakia picha ya sherehe ya ubatizo.

Kabati tupu

Kuna kazi isiyoingia katika makundi haya, nayo ni ya bei rahisi kuliko zote. Mimi Onuoha, msanii wa Marekani mwenye asili ya Nigeria, mwaka 2016 alitengeneza The Library of Missing Datasets: kabati la mafaili kama la ofisi yoyote, ndani kuna mafaili yenye vichwa vya habari, na kila faili ukilifungua ni tupu. Ni data ambazo zilipaswa kuwepo na hakuna aliyezikusanya. Wenzake wote wanalalamika kwamba tunahesabiwa kupita kiasi. Yeye anauliza nani hahesabiwi, na kwa faida ya nani.

Ukiwa Nairobi au Dar

Chukua kisa kilichotokea karibu. Mwaka 2023 maelfu ya watu walipanga foleni nje ya jumba la mikutano la KICC, Nairobi, wakatazama ndani ya tufe la Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, lililopiga picha mboni za macho yao, wakalipwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe.

Kwa kisa hiki kujificha kumechelewa. Jicho limeshapigwa picha. Kuchafua hakuna pa kuanzia, huwezi kutoa jicho la uongo. Kujianika kutamfaa mmoja aliyekuwa kwenye foleni ile, kama yuko tayari kusimulia shilingi zile alizifanyia nini. Kufichua kunafaa sana: yachukue masharti waliyokubali, uyatafsiri kwa Kiswahili cha kueleweka, uwape waliopanga foleni wayasome kwa sauti mbele ya kamera, wenyewe wakiridhia.

Lakini kikundi kisicho na fedha kingeanzia kwenye kabati la Onuoha. Faili la waliosoma masharti kabla ya kukubali. Faili la waliotaka kujitoa wakashindwa. Faili la nakala zilizokwisha kuvuka mpaka kabla ya amri ya mahakama. Makabati ya chuma ya ofisi za zamani yanauzwa kwenye minada kila mwezi, na kwa kuwa ndani hamna jina la mtu, hakuna wa kumwomba ruhusa.

Ukiamua kutumia nyuso na majina halisi, anza na sheria kabla ya printa. Kenya, kifungu cha 52 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinatoa nafasi kwa kazi za uandishi na sanaa pale uchapishaji unapokuwa na maslahi ya umma. Maana yake wewe ndiye utakayetakiwa kuyaonyesha maslahi hayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na usidhani nafasi ya Kenya inavuka nawe Namanga. Mpelekee wakili mchoro wa kazi yako mapema, wakati bado unaweza kuubadilisha.